Farasi wa Wiebke Alizunguka

Jumapili ile Wiebke hakuja kutuaga, alikuja kushinda. Kesho yake alikuwa anahamia kwa mwanawe, mjini Bremen, na tulishakubaliana kwamba mshindi anachukua mchezo wetu wa ubao moja kwa moja, sanduku na vyote. Vile vipande vya mbao, ngome na maaskofu na watawala wanaogombea kumvika mfalme taji, vilichongwa na marehemu mumewe, Hinnerk. Mimi na Detmar tulitaka kumpa tu. Alitukatalia kavu.

"Huruma wapeni wagonjwa. Mimi nipigeni, kama mnaweza."

Nampenda mwanamke huyu kwa ubishi wake. Aliniahidi mimi kura za maaskofu, akamwahidi na Detmar, kisha akajipigia mwenyewe na kutuacha wote kwenye mataa.

"We mama ni nyoka!" Detmar akamwambia, huku macho yakimcheka.

"Kula keki yako, mzee."

Kwetu alama huhesabiwa mwishoni, na kila kipande kikishahesabiwa hurudi sandukuni. Farasi wa kila mchezaji huonyesha alama zake akitembea pembeni mwa ubao, penye vyumba hamsini. Akizunguka huvishwa pete nyekundu, yaani hamsini tayari. Wakati Wiebke anahesabu nilishuka stoo kuchukua krimu. Niliporudi, farasi wa Detmar alikuwa mbele ya wangu, kwenye arobaini na tisa. Wa Wiebke, nne, bila pete. Usaliti hukatwa alama, kwa hiyo nikaamini. Moyo uliniuma, lakini nikamsogezea Detmar sanduku.

"Nimezunguka," Wiebke akasema taratibu. "Nimesahau pete."

Sheria yetu ni kali: bila pete, mzunguko hauhesabiwi mpaka mpinzani aliyeuona akubali. Aliyeuona ni Detmar peke yake, na Hinnerk alikuwa rafiki yake tangu utotoni. Alilitaka sanduku lile kuliko alivyowahi kutamka. Akaweka mkono juu yake.

Ndipo nikaona doa bichi la kahawa mbele ya Detmar.

"Nani kamwaga?"

Hapa mtu akifanya jambo zuri mezani hatumpigii makofi, tunagonga meza kwa vidole vilivyokunjwa. Detmar akalitazama doa, akashusha pumzi.

"Mimi. Niligonga kwa nguvu mno, alipozunguka." Akalisukuma sanduku. "Hamsini na nne, Wiebke. Umenichapa."

Wiebke hakuligusa. Alikunja vidole akaanza kumgongea Detmar meza, nami nikawagongea wote wawili, hadi kahawa yangu nayo ikamwagika.