Siku Bi Barke Alipofungiwa Nje

Mjukuu wangu Hanan alianza kujifunza vitasa kwa simu. Usiku alikuwa akitazama watu wa nchi za mbali wakifungua kufuli kwa vijichuma, sauti ameizima ili mimi nilale, nami silali, natazama vile vidole. Kisha akaagiza kutoka Nairobi kufuli ya plastiki, waiona hadi tumboni: vijipini vimejipanga, kila kimoja na springi yake juu. Mwisho akaingia darasa la mwalimu Gershom kule Changamwe, ghorofani juu ya duka la rangi. Jioni akirudi alinieleza alichofundishwa, mimi nikichagua mchele.

Mwalimu Gershom ana sharti. Mwanafunzi hapewi cheti mpaka afungue mlango wa mtu aliyefungiwa nje kweli, na mtu huyo aseme na mwalimu kwa simu, kwa kinywa chake, kwamba alifungiwa. Vyeti vilikuwa vinatolewa Jumamosi. Duka moja la vifaa hapa Magongo lilikuwa limemwekea Hanan meza ya kuchongea funguo, ila bila cheti meza ingepewa kijana wa kuuza vifuniko vya simu.

Taabu ilikuwa jirani yetu Bi Barke. Mtaani kwetu hafungiwi mtu nje. Kila nyumba ina ufunguo wa pili kwa Bi Barke, nyuma ya mlango wake, kwenye misumari, na kila ufunguo una kitambaa cha rangi yake. Wangu una kitambaa cha kaniki. Hata Kitsao, mpakiaji wa bandarini Kipevu, ambaye hupoteza kila kitu isipokuwa njaa, hajalala nje hata siku moja.

Basi nikaamua nifungiwe mimi. Jumatano niliacha ufunguo kitandani, nikatoka, nikauvuta mlango, nikamwita Hanan, aliyekuwa nyumba ya tatu. Kabla hajavaa viatu, Bi Barke alishafika na ule ufunguo wa kaniki.

"Uzee huo," akaniambia, akafungua.

Alhamisi nikaenda kuuomba ule ufunguo wa pili, nikamwambia nataka kuusafisha. Nikaufungia ndani pamoja na mwenziwe. Safari hii akaja Kitsao. Alichomoa vioo vya dirisha kimoja kimoja, akavipanga ukutani vizuri, akaingiza mkono mpaka kwapani, akafungua kwa ndani. Hanan alipofika na mkoba wake, Kitsao alikuwa jikoni kwangu anakunywa maji.

"Usijali, Nyanya," akasema Kitsao. "Hata kesho niite."

Ijumaa baada ya swala, Bi Barke alikuwa na harusi Kisauni. Yeye ni shangazi wa bibi harusi, na ndiye aliyeagizwa udi. Alitoka barazani na chetezo kupuliza makaa, amejitanda kanga, dera la harusi liko chumbani limenyooshwa. Upepo ukaja. Mlango ukajipiga. Ufunguo wake ulikuwa ndani, na funguo zetu sote nazo zimo humo.

Kitsao akaizunguka nyumba, akarudi akasema madirisha yana nondo. Akapendekeza bega.

"Bega lako lina thamani gani mbele ya mlango wa mvule?" akauliza Bi Barke.

Hanan akaja na mkoba. "Shikamoo, Bi Barke."

"Marahaba. Fungua."

"Nyumba hii ni ya nani?"

Bi Barke akanigeukia mimi. "Mjukuu wako ana homa?"

"Ndivyo wanavyofundishwa," nikasema. "Huulizwa kila mtu."

"Mimi niliyekuosha ulipozaliwa!"

"Basi nipe kitambulisho," akasema Hanan.

"Kimo ndani."

"Basi jirani ashuhudie."

Nikashuhudia. Nikasema namjua, nyumba ni yake, na ukuta wa uani aliupaka rangi mwenyewe, rangi isiyofaa.

"Hilo la rangi si lazima, Nyanya," akasema Hanan, akapiga magoti.

Kazi yenyewe haina mengi ya kutazama. Kijichuma kimoja chakaza kitasa, cha pili chapapasa, na kijipini kikikaa mahali pake chalia kidogo, kama punje ya mchele chini ya jino. Ukikosea, vyote vyarudi. Vilirudi mara nyingi.

"Mwizi angekuwa ashaondoka na friji," akasema Bi Barke.

"Mwizi haulizwi cheti," akajibu Hanan, hakuinua kichwa.

Mlango ukafunguka. Bi Barke akataka kupita, lakini Hanan alishampigia mwalimu, na simu ikawa sikioni mwa Bi Barke. Mtu akisalimiwa ni lazima aitikie. Wakaulizana hali. Sauti ilikuwa juu, tukasikia sote.

"Kwa hivyo, mama, ulifungiwa nje?"

"Mimi?" Bi Barke akatutazama, mtaa mzima tuko pale. "Mimi ndiye niwekaye funguo za watu. Nilikuwa nje, mlango ukajifunga. Hayo ni mambo mawili."

"Yaani hukufungiwa."

"Sijafungiwa tangu nizaliwe."

"Pole, Hanan," akasema mwalimu. "Hilo halihesabiki."

Hanan akaanza kurudisha vijichuma mkobani, kila kimoja kwenye mfuko wake. Kimoja akakipangusa, nacho kilikuwa safi.

Mimi ndiye niliyekuwa karibu na mlango. Nikauvuta, taratibu, kama mtu anayemfunika mtoto shuka. Kitasa kikalia.

"Nyanya!" akasema Hanan.

Bi Barke aliutazama mlango, akayatazama makaa, yalikuwa yameanza kuota jivu. Akaweka simu sikioni tena.

"Mwalimu, ungalipo?"

"Nipo, mama."

"Nimefungiwa nje."

"Na nani?"

"Na jirani yangu, wallahi, mchana kweupe."

"Haidhuru ni nani," akasema mwalimu. "Sharti langu ni kufungiwa. Hanan akishafungua, nipigie."

Hanan akatoa vijichuma tena, akapiga magoti. Bi Barke akaketi barazani, akanipa mgongo. Baada ya muda akasogea kidogo, nami nikaketi.