Rangi ya Mlango wa Mama Mkwe

Brashi, mchora matangazo, hakuwa mvutaji, hakuwa mlevi, na karata hakuzijua hata kwa kuzitazama. Lakini sheria ilipokuja, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuumia, maana miaka ishirini alikuwa amekula kwa mgongo wa starehe za wenzake. Chupa ya bia inayotoa povu kwenye ukuta wa baa, pakiti ya sigara kubwa kama mlango, zote zilitoka mkononi mwake. Serikali ikaamua raia wasione tena mambo hayo. Kuta zikapakwa chokaa, naye akabaki nyumbani akisafisha brashi ambazo zilikuwa safi tayari.

Kisha serikali hiyohiyo ikamkumbuka. Kila nyumba yenye mtu aliyeandikishwa kuwa anatumia tumbaku au pombe ilitakiwa iandikwe mlangoni kwa herufi nyekundu: NYUMBA HII INA MTUMIAJI. Mtoto haruhusiwi kuvuka kizingiti cha nyumba hiyo. Kuyakwangua maandishi, kuyapaka rangi au kuyafunika ni kifungo.

"Ni kwa faida yao wenyewe," alisema mkaguzi, bwana mpole mwenye kalamu tatu mfukoni. Upole wake ndio uliokuwa ukiudhi. Mtu mzima, aliyezaa na kuzika, anaandikwa kama kopo la sumu ya panya, na anayemwandika anatabasamu.

Brashi angefanya nini? Mkono wa serikali ni mrefu, na tumbo halina likizo. Alipewa rangi ya maji, nyepesi kama uji wa mgonjwa, akaandika milango arobaini kwa wiki moja bila kumtazama mtu usoni.

Jina la arobaini na moja lilikuwa la mama mkwe wake.

Mama huyo alikuwa mshonaji wa sare za shule. Cherehani yake ilikaa chumba cha mbele, karibu na mlango, na kina mama walimpelekea watoto wapimwe mabega na viuno. Anasa yake ilikuwa moja tu, kikopo cha ugoro. Alinusa kidogo asubuhi kabla ya kutunga uzi kwenye sindano, akanusa tena jioni akishafunika cherehani. Hakuna aliyemchongea. Karani wa kuandikisha alipita, akamwamkia, akamuuliza kama anatumia tumbaku, naye akasema ndiyo.

"Kijana kaniamkia vizuri," alimweleza bintiye, yaani mke wa Brashi. "Nimdanganye kwa lipi?"

Jioni ile Brashi aliiweka orodha mezani. Mkewe akaisoma mpaka jina la mama yake.

"Nitakataa," Brashi akasema.

"Ukikataa watakunyang'anya kibali, halafu watamtuma mwingine, apake kama anapaka choo cha stendi. Kama ni lazima mama yangu aandikwe, basi aandikwe na mtu anayemheshimu."

Asubuhi Brashi akavaa shati lake la kuendea harusini. Rangi ya serikali akaiacha uani. Chini ya kitanda alikuwa na kopo la mwisho la rangi ya mafuta, ile aliyochorea chupa za bia, isiyojali jua wala masika. Akalichukua, na vanishi juu yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umesimama juani?"

Uso umeumbwa na haya, na mbele ya mkwe haya huwa maradufu. Akampa karatasi. Mama mkwe akavaa miwani yake ya kutungia uzi, akaisoma yote, akamrudishia.

"Andika," akasema. "Nikigoma nitakuponza wewe. Ila nyoosha mistari. Kwangu hakijawahi kutoka kitu kilichokwenda upande."

Brashi akapiga mistari kwa chaki na rula. Akapaka mkono wa kwanza, akangoja ukauke, akapaka wa pili, akamaliza kwa vanishi. Tangu aanze kazi hajawahi kuandika vizuri namna ile. Mama mkwe alimletea chai, akageuza kiti chake kikatazama ukuta. Masikini Brashi, alidhani uzuri wa herufi unampunguzia mama aibu.

Mwanzoni kina mama walipimisha watoto barabarani. Mmoja akaonywa, na wengine wakapotea. Shule zilipokaribia kufunguliwa, wakati ambao mama mkwe huwa hana hata nafasi ya kujikuna, cherehani ilikaa imefunikwa. Hakulalamika. Siku moja alikitupa kikopo chake chooni, baada ya miaka arobaini ya kuwa pamoja. Kichwa kikamgonga, mikono ikamtetemeka, sindano ikamchoma vidole. Akavumilia siku tisini, akapimwa, akapewa cheti: hatumii.

Brashi alikibeba cheti kile mpaka kwa mkaguzi mbio mbio.

"Mpe mama hongera," mkaguzi akasema, na aliisema kwa moyo.

"Basi nifute?"

Mkaguzi akakifungua kitabu cha sheria, akakipekua kwenda na kurudi. "Kuandika kumo, kifungu cha sita. Kufuta hakumo. Tumeshapeleka maoni juu."

"Sasa tufanyeje?"

"Asubiri tu. Bahati nzuri rangi tuliyokupa ni ya maji. Mvua zikipita itatoka yenyewe, na ikitoka yenyewe hakuna aliyekosa."

Brashi akalikumbuka kopo lake la rangi ya mafuta. Aliaga kwa adabu, akatoka, na nyumbani hakumwambia mkewe habari ya rangi.

Mvua zilinyesha mwezi mzima. Milango arobaini ikatiririka wekundu hadi vizingitini, ikabaki mbao tupu. Hata wa yule mlevi wa kona, ambaye kitanda chake hakijui anakilalia upande gani, ulitakata.

Ilipoanuka, Brashi alikwenda. Alimkuta mama mkwe nje, kwenye kiti, na kitambaa chenye maji mapajani.

"Kupangusa mlango si kukwangua," akasema. "Nimepangusa kila asubuhi. Mlango wa jirani umetoka, wangu hautoki. Nikadhani ni mikono yangu, nguvu zimeisha."

"Si mikono yako, mama." Brashi alikitazama kitambaa. Kilikuwa cheupe. "Nilitumia rangi yangu, ile nzuri. Ya serikali niliona haikustahili."

Mama mkwe akapitisha kidole gumba juu ya herufi ya kwanza. Mvua ilikuwa imeiosha vumbi, ikang'aa kama iliyoandikwa jana.

"Itakaa muda gani?"

"Miaka kumi," Brashi akajibu. Ufundi ulikuwa umemtangulia kusema, na neno lilipomtoka akatamani alirudishe.

Mama mkwe, mwenye miaka sabini na moja, akatikisa kichwa taratibu.

"Ahsante kwa heshima yako, mwanangu," akasema. Hakusema kwa kejeli, na hapo ndipo Brashi alipovunjika. Kisha mama akachukua kiti chake, akaingia ndani na kufunga mlango, Brashi akabaki nje ametazamana na kazi yake.