Banda Lisilo na Kuku

Mwaka 2024, mvua za vuli zilipokuwa zimekwisha kuanza na senene hawajaanguka bado, Karugendo, katekista wa kigango kimoja huko Kaagya, wilayani Bukoba, alijenga nyuma ya nyumba yake banda la kuku lisilo na kuku.

Lilikuwa banda dogo la fito na nyasi, lenye mlango mmoja ulioelekea upande wa ziwa. Mkewe Annastella, ambaye kwa miaka thelathini na mitano hakupata kumwona mumewe akijenga kitu kabla ya kuombwa mara tatu, alisimama mlangoni pa jiko akifuta mikono kwa kanga.

"Baba Gozbert, kuku wenyewe wako wapi?"

"Watakuja."

"Watakuja kwa miguu yao?"

"Mke wangu, nimesema watakuja."

Huo ulikuwa uongo wake wa kwanza kwa mkewe. Au, tuseme kwa haki, ulikuwa wa kwanza ambao yeye mwenyewe aliuhesabu.

Ukweli ulikuwa huu. Mwezi wa Agosti dhoruba ilikuwa imepindua mtumbwi karibu na kisiwa cha Bumbire, na katika wavuvi wanne waliokuwamo, wawili walizama. Gozbert, mtoto pekee aliyembakia Karugendo baada ya kuzika wengine wawili, alipona kwa kukumbatia dumu tupu mpaka kulipokucha. Baba alimsihi arudi nyumbani kwenye migomba na kahawa. Kijana akajibu kwamba kahawa humlisha mtu mara moja kwa mwaka, ziwa humlisha kila siku, akapanda mtumbwi mwingine. Tangu hapo kila wingu jeusi lililotanda upande wa ziwa lilimkata Karugendo maini. Alisali rozari kila jioni kwa ajili ya mwanawe, na kila jioni aliinuka magotini akiwa na hofu ileile aliyopiga nayo magoti.

Ndipo alipofika dada yake mkubwa, Felicitas, kutoka Muleba. Alitandikiwa mkeka, akaletewa akamwani, zile buni zilizochemshwa na kukaushwa ambazo mgeni wa Kihaya hupewa atafune kabla ya neno lolote. Akatafuna taratibu, kisha akasema:

"Baba yetu alipotaka kufunga ndoa ya kanisani kule Kashozi, alikibomoa kibanda cha Mugasha kilichokuwa hapa kibanjani. Unalijua hilo."

Karugendo alilijua. Wazee wa kale walimwita Mugasha mwenye ziwa na dhoruba, na hapakuwa na kibanja, yaani shamba la migomba lenye nyumba, kisichokuwa na kibanda chake.

"Basi mwenye ziwa amekaa miaka yote hii akidai chake. Mwaguzi ameniambia waziwazi: asipopewa kibanda, atamchukua kijana."

"Felicitas, mimi ni katekista."

"Nani amekwambia uuache ukatekista? Misa yako nenda. Rozari yako sali. Nimesema ujenge kibanda, sikusema ubomoe kanisa. Au unataka umzike na huyu, ili Padri akusifu kwa imani yako?"

Dada alipoondoka kesho yake, Karugendo alikwenda kukata fito.

Hakukijenga kibanda vivi hivi; alikijenga kwa tahadhari ya mtu aliyesoma. Juu ya mlango, kwa ndani, alichomeka tawi lililobarikiwa siku ya Jumapili ya Matawi. Alinyunyiza maji ya baraka katika pembe zote nne. Kisha, kila Alhamisi alasiri, mkewe akiwa kwenye sala za jumuiya, aliinama akaweka juu ya jani la mgomba punje tisa za akamwani na kibuyu kidogo cha lubisi, pombe ya ndizi. Alijiambia kwamba kwa njia hiyo kila mmoja amepata chake, wala hakuna aliyedhulumiwa.

Na usingizi ukamrudia. Mawingu yalitanda, ngurumo zikapiga, naye akalala fofofo. Gozbert alituma sangara waliokaushwa, mzigo mzima, na ujumbe kwamba tangu aanze uvuvi hajapata kuona nyavu nzito namna ile. Karugendo alimtazama samaki yule kwenye sahani kama mtu anayetazama risiti. Rozari ilibaki kwenye msumari wake ukutani. Hakuona haja ya kuitungua. Kazi ile ilikuwa inafanyika kwa njia nyingine.

Sasa, jirani yake upande wa chini alikuwa mjane aitwaye Benigna. Mambo ya wawili hawa hayakuwa mazuri. Miaka miwili nyuma Benigna alikutwa ameweka akamwani tisa juu ya kaburi la mumewe. Karugendo, ambaye kwa ukatekista wake huitwa Mwalimu, alimwita mbele ya kigango kizima, akamkemea, na kumwamuru asimame nje ya mlango wa kanisa Jumapili tatu mfululizo, wengine wakiwa ndani. Kanuni hiyo Padri hakuwa na habari nayo. Padri hufika kigangoni mara moja kwa mwezi, na hizo zilikuwa Jumapili za katikati. Benigna alisimama zote tatu. Mvua ya masika ilikuwa inanyesha.

Mjane huyo alikuwa na kuku wa madoadoa aliyependa kutaga mbali na kwao. Alhamisi moja Karugendo alitoka ndani ameshika kibuyu, akaona miguu miwili ya mwanamke imejitokeza mlangoni pa banda lake. Mwili uliobaki ulikuwa ndani.

"Nani huyo?"

Benigna alijitoa kinyumenyume, mayai manne katika upindo wa kanga. Alikitazama kibuyu mkononi mwa katekista, akayatazama majani ya mgomba bandani, kisha akalitazama lile tawi lililobarikiwa.

"Tisa," alisema. "Nimezihesabu, Mwalimu. Hata hukukosea."

"Ma Benigna, nisikilize kwanza..."

"Kuku wangu ana akili. Kaona nyumba ina mwenyeji mwenye heshima, akaja kutaga." Akacheka, lakini si kwa furaha. "Na tawi hili lililobarikiwa, ni la kumkaribisha au la kumfukuza? Maana mimi ningekuwa Mugasha, ningechanganyikiwa."

"Nakuomba. Usiseme kwa watu. Ni kwa ajili ya Gozbert."

Benigna akaacha kucheka. Aliyapanga mayai yake vizuri katika kanga.

"Sitasema, Ta Karugendo. Mimi najua mlango wa kanisa unavyoonekana kutoka nje. Simtakii mtu."

Akaenda zake. Karugendo alibaki akimshukuru Mungu kwa kuwa siri yake imeangukia mikono ya mtu mwema. Hakujiuliza mtu huyo ameondoka na nini kingine zaidi ya mayai.

Alikuja kulijua hilo wiki mbili baadaye. Annastella alirudi kutoka kisimani akatua ndoo kwa kishindo.

"Consolata wa Benigna yuko hoi."

Consolata alikuwa mjukuu wa Benigna, mtoto wa miaka minne; mama yake alikuwa mbali, Mwanza, akifanya kazi.

"Wamempeleka hospitali?"

"Hospitali gani! Siku ya tatu leo mtoto anawaka moto, jana kashikwa na degedege, na bibi yake amemleta mwaguzi kutoka Muleba. Ndani wanasaga majani. Nimesema nikachoka. Nenda wewe, wewe ni Mwalimu."

Karugendo alikwenda. Mtoto alikuwa amelala juu ya mkeka, macho nusu wazi, midomo imekauka. Juu ya tumbo lake walikuwa wamepanga punje za akamwani. Mwaguzi alikuwa ameketi pembeni, anakunywa chai.

"Ma Benigna, mtoto huyu anakufa. Mpelekeni mjini sasa hivi."

"Tunaendelea na dawa, Mwalimu."

"Hii si dawa! Ni ushirikina, na wewe unajua."

Benigna aliinua uso. Hakuwa na hasira; heri angekuwa nayo.

"Wa kwako alipokuwa hatarini, ulimpeleka wapi?"

Karugendo alipiga goti, akampapasa mtoto paji la uso.

"Miaka miwili mimi nimekaa nikisema: akamwani zangu zilikuwa upumbavu wa mjane, Mwalimu amenirudi, Mwalimu ndiye ajuaye. Mume wangu hajawekewa hata punje moja tena. Kisha nikaingiza kichwa katika banda lako. Nikasema, kumbe! Kumbe wanaojua wanafanya, ila wanatukataza sisi ili dawa isiwe ya wote." Alimgeuza mtoto upande. "Sikumwambia mtu. Nilikuahidi. Lakini hukuniomba nisiamini."

"Kile kibanda hakina kitu," alisema Karugendo, na sauti yake mwenyewe ikamshangaza kwa udogo wake. "Ni fito na nyasi."

"Basi kibomoe."

Nje, upande wa ziwa, anga lilikuwa jeusi. Asubuhi ile Gozbert alikuwa ametuma ujumbe kwamba wanaingia majini. Karugendo alilitazama lile wingu, na hofu yote ya tangu Agosti ikamrudia mara moja, kama mgeni aliyekuwa amesimama nje tu muda wote akingoja mlango ufunguliwe.

"Unaona?" alisema Benigna kwa upole. "Huwezi. Basi na mimi niache."

Jinsi alivyofika nyumbani kwake Karugendo hakukumbuka vizuri baadaye. Alichokumbuka ni Benigna amesimama kwenye mpaka wa migomba, mtoto begani, akitazama. Na Annastella akitoka jikoni. Karugendo alilishika banda kwa paa akalivuta. Alikuwa amelijenga kwa uangalifu, kwa hiyo halikung'oka. Akavuta tena, fito zikamchana viganja, nguzo moja ikakatika, na vitu vyote vikamwagika mbele ya miguu ya mkewe: majani makavu ya mgomba, kibuyu, akamwani kwa makumi, tawi lililobarikiwa.

Annastella alivitazama kimoja kimoja.

"Kuku wamekuja," alisema, akaingia ndani.

Ngurumo ikapiga ziwani. Karugendo aliendelea kuvunja huku akilia kwa sauti, bila aibu, kama anayemzika mwanawe kwa mikono yake. Alipomaliza, alimgeukia Benigna.

"Sasa nipe mtoto."

Jamali, mtu mzima mwenye ndevu za mvi anayeendesha bodaboda kutoka mjini Bukoba, alikuwa barabarani akijikinga mvua. Karugendo alipanda na mtoto kifuani, Benigna nyuma yake, na akaanza kusali kwa sauti, mkono mmoja ukifanya ishara ya msalaba.

"Mwalimu," Jamali alisema akiwasha pikipiki, "mshike mtoto kwa mikono miwili. Dua utaisoma njiani, na mimi nitaitikia."

Hospitalini waliambiwa ni malaria iliyokwisha kupanda kichwani, na damu imepungua mno. Aliyewapokea aliuliza mtoto ameugua siku ngapi. Benigna akasema tatu. Mhudumu aliwatazama wote wawili, mjane na katekista, akaandika. Mtoto aliongezewa damu. Siku ya nne aliomba uji. Sikio lake la kushoto, walisema, huenda lisisikie vizuri tena.

Siku hizo nne zote simu ya Gozbert haikupatikana. Karugendo alikaa kwenye benchi la hospitali, hajui kama ameokoa mtoto mmoja kwa kumtoa mwingine, na alijichukia kwa kufikiri hivyo, na akafikiri hivyo tena. Siku ya tano simu iliita.

"Tata, tulikwama kisiwani. Injini imekufa. Na nyavu wiki nzima zinatoka tupu, hata wa kitoweo hakuna. Mbona hivi? Umeacha kuniombea?"

Karugendo aliuegemeza mgongo ukutani. Alijaribu kukumbuka jioni ya mwisho alipoitungua rozari kwenye msumari. Haikumjia.

"Niliacha," alisema. "Nilikuwa nimeacha, mwanangu. Rudi nyumbani nikueleze. Usiporudi, nitakueleza kwa simu, lakini nitakueleza."

Ijumaa alikwenda kwa Padri, akaungama, akaweka mezani funguo za kanisa na daftari la ubatizo. Padri alizitazama funguo.

"Umeungama, umesamehewa. Waamini hawana haja ya kuonyeshwa kila kitu."

"Padri, kwa Mungu nimesamehewa. Lakini kuna mtu nilimtoza, na alilipa yote. Mimi sijalipa."

Jumapili hiyo ilikuwa zamu ya Padri kufika kigangoni. Mvua ilikuwa inanyesha tangu alfajiri. Karugendo alivaa kanzu yake ya siku zote, akafika mapema, akasimama nje ya mlango, mikono kando. Waamini walipita. Mzee Buberwa alidhani anawapokea, akampa mkono na kumwuliza mbona haingii. Alipojibiwa, aliuondoa mkono polepole, akaingia. Wengine walinong'ona. Annastella alipita bila kumtazama, kisha akarudi hatua mbili, akamfunga vizuri kifungo cha shingoni, akaingia.

Benigna alikuja wa mwisho, amembeba Consolata mgongoni ingawa mtoto alikuwa mkubwa wa kutembea. Alisimama. Alimpima katekista kuanzia kichwani hadi kwenye viatu, kisha akatazama juu, ukingo wa bati.

"Sogea kushoto kidogo," alisema.

Karugendo akasogea. Matone makubwa ya paani yakaanza kumwangukia begani na shingoni.

"Hapo. Mimi nilisimama hapo."

Ndani wimbo wa mwanzo ulikuwa umeanza. Benigna alimrekebisha mtoto mgongoni, akapandisha mguu kizingitini.

"Zimebaki mbili, Ta Karugendo," alisema, akaingia.

Naye akabaki pale pale, maji yakimtiririka mgongoni, mpaka Misa ilipokwisha.