Mkono Kwanza

"Usiguse hapo, mama!" Gaspar alipiga kelele, lakini mkono wa Chausiku ulikuwa umeshazama kwenye maji mpaka kiwiko.

Aliuacha humo, vidole kaviachanisha, macho kayafumba. Ndivyo alivyofanya kila asubuhi kwa miaka tisa katika chumba hiki cha kusubiria, kwenye zahanati ya meno ya Kinondoni, mbele ya tangi la samaki lililoshika ukuta mzima. Kisha akauchomoa, akaukung'uta.

"Maji haya yana homa."

"Yana nyuzi thelathini na moja," Gaspar akasema bila kuinua macho kutoka kwenye simu. "Programu inaona. Inashughulikia."

"Imeanza lini kushughulikia?"

"Tangu saa nne."

"Na saa nne yalikuwa nyuzi ngapi?"

Gaspar akatelezesha kidole kwenye kioo. Alikuwa kijana nadhifu, fundi wa mitambo inayojiendesha, shati lake limenyooshwa mpaka mikunjo ingeweza kukata mkate. "Ishirini na tisa," akajibu, safari hii kwa sauti ndogo.

Ndani ya tangi, samaki watano wa Ziwa Tanganyika walikuwa wametundika midomo juu ya maji, wanahema kama watu waliokimbilia basi wakalikosa. Juzi walikuwa saba. Mkubwa wao, dume mwenye nundu kwenye paji la uso, Chausiku alimwita Bwana Paji. Marehemu Mzee Shamsuddin, baba yake Daktari Tahera, alimleta kutoka Kigoma akiwa mdogo kama kidole. Leo Bwana Paji alikuwa ameinama ubavu, nundu imepauka.

Na leo ilikuwa siku ya mwisho ya Chausiku katika kazi ya kuwatunza samaki hawa. Daktari Tahera alimwambia Jumatatu, kwa upole, ule upole wa watu wanaokutoa kazini: "Bi Chausiku, usinielewe vibaya. Mtambo utabadilisha maji wenyewe. Wewe maliza wiki, umwelekeze fundi."

Chausiku aliyasikia maneno hayo akakumbuka mengine. Alikuwa na miaka ishirini na mbili, kiwanda cha nguo, meneja amesimama juu ya kreti la soda. Mashine mpya zinakuja, alisema, nendeni nyumbani, mtaitwa. Wanawake mia mbili wakaenda nyumbani. Chausiku mpaka leo hajaitwa. Wengine wamekufa wakisubiri kuitwa, na yule meneja kazikwa kwa heshima, kwa hotuba.

Ila mashine yenyewe hakuwahi kuichukia. Alichokichukia ni kreti la soda. Kwa hiyo mafundi walipotupa karatasi za maelekezo, yeye aliziokota, akazipangusa vumbi la saruji, akazisoma nyumbani Buguruni kwa miwani yenye mkono mmoja. Neno asilolijua aliliuliza simu. Za huu mtambo alikuwa amezimaliza mara tatu.

"Nisomee amri ulizoipa," akasema.

"Mama, hizi ni za kitaalamu..."

"Nisomee mwanangu. Sie wengine tuna masikio tu."

Kwenye benchi, mzee mmoja mwenye shavu lililovimba akacheka, kisha akajishika shavu kwa majuto.

Gaspar akasoma kwa kasi, kama anayesoma masharti ya bahati nasibu. "Joto likizidi ishirini na nane, washa feni. Joto likizidi ishirini na tisa, toa lita ishirini, ingiza lita ishirini za maji mapya, ili kupooza. Baada ya dakika ishirini pima tena. Kama bado, rudia. Ndivyo kitabu cha watengenezaji kinavyosema, mie sijabuni kitu."

"Kama bado, rudia," Chausiku akasema polepole.

Akatega sikio. Nyuma ya tangi vali ya maji ikalia *tak*, ikafunguka, maji ya zamani yakaanza kutoka, maji mapya yakaanza kuingia. Bwana Paji akakimbia upande wa pili. Akalikimbia bomba! Chausiku aliona kwa macho yake, na damu ikaanza kumchemka kwa namna ambayo haikuwa hasira, au ilikuwa hasira iliyopata njia.

Wakati huohuo adhana ya adhuhuri ikasikika kutoka mtaa wa pili. Daktari Tahera akatoka chumbani kwake, barakoa imeshushwa kidevuni, mkononi ana jagi la plastiki la kijani, anaelekea maliwatoni kutawadha. Jagi lilelile la kila siku.

"Daktari!" Chausiku akamzuia. "Hilo jagi umelijaza saa ngapi?"

"Asubuhi, nilipofika. Kwa nini?"

"Na bomba lipo palepale. Kwa nini usitawadhe bombani?"

"Ah, Bi Chausiku, si unajua mwenyewe. Mchana huu maji ya bomba yanaunguza, simtanki lipo juani toka..." Tahera akakatika. Akalitazama jagi. Akalitazama tangi. Akamgeukia Gaspar, na uso wake ukawa wa daktari aliyeliona jino bovu. "Fundi. Maji mapya yanatoka wapi?"

"Kwenye... simtanki. Juu ya paa."

"Jeusi?"

"Jeusi."

"Nenda kanawe mikono," Chausiku akamwambia. "Nenda tu."

Gaspar akaingia maliwatoni. Bomba likafunguliwa. "Mama yangu weee!" akatoka akipepea vidole, shati nadhifu limelowa kifuani.

"Hata mie na jino langu hili nimeelewa," mzee wa shavu akasema. "Mnawapooza samaki kwa maji ya chai!"

Chumba kizima kikacheka, na Gaspar akasimama katikati ya kicheko kile. "Lakini sensa ya kupima joto haijakosea," akajitetea. "Nimeikagua, ni nzima."

"Nani kasema imekosea? Masikini ya Mungu, imesema kweli toka saa nne. Inakwambia nina joto, nina joto, na wewe umeiamuru ijimwagie moto halafu irudie. Hicho kitabu kimeandikwa na watu ambao bomba lao linatoa maji ya kutetemesha meno. Ukakibeba kama kilivyo, ukakileta Kinondoni mwezi wa pili! Ungeniuliza. Nimesimama hapa wiki nzima na ndoo yangu, hukuniuliza hata jina."

Gaspar akainamisha kichwa. "Samahani, mama. Unaitwa nani?"

"Chausiku binti Mwinjuma. Funga vali."

Akafunga. Chausiku akavuka barabara mbiombio hadi kwa Khalfani muuza genge, akarudi na chupa nne za maji yaliyoganda kwenye friza, akaziachia zielee tangini mojamoja, kwa mpango, maana baridi ya ghafla nayo inaua. Kisha akavuta kiti, akaketi bega kwa bega na Gaspar.

"Sasa tuandike upya. Mimi kabla ya kumimina ndoo nilikuwaga natanguliza mkono. Nagusa ya ndoo, nagusa ya tangi. Ya ndoo yakiwa na joto zaidi, simimini, hata wewe ulie. Ndiyo maana nilikuwa nakuja alfajiri, simtanki limelala usiku kucha. Mashine yako haina mkono wa kwenye ndoo."

Gaspar akamtazama. Macho yakaanza kumng'aa. "Inataka sensa ya tatu, mbali na mbili za tangini. Kwenye bomba la simtanki."

"Unayo?"

"Ninayo kwenye begi! Ilikuja na boksi, sikuona pa kuiweka."

"Sasa umeona. Na kwenye amri kuna kisanduku cha kuunganisha masharti mawili. Kipo ukurasa wa kumi na nne, ile karatasi uliyoitupa Jumanne."

"Umeisoma?"

"Bonyeza, baba, bonyeza!"

Wakaandika. Kama joto la tangi limezidi, *na* kama maji ya paani ni baridi kuliko ya tangi, ndipo fungua. Kama sivyo, washa feni, punguza taa, subiri. Chausiku alitaka pia vali ifungwe papohapo iwapo sensa ya tatu itakatika waya, Gaspar akapiga paja lake, akasema hilo hata chuoni hawakumfundisha. Kidole cha Chausiku, chenye kucha iliyoliwa na magadi, ndicho kilichobonyeza *Hifadhi*.

Saa nane, barafu imeshayeyuka na jua limekaza, joto la tangi likapanda tena mpaka ishirini na tisa na nusu. Simu ikatetemeka. Watu wanne wakakodolea macho vali. Haikulia. Feni zikazunguka. Ishirini na tisa na nusu. Ishirini na tisa na nusu. Ishirini na tisa na robo.

"Inashuka!" mzee wa shavu akapiga kelele, alikuwa ameshang'olewa jino, mdomo umejaa pamba, lakini amegoma kwenda kwake.

Bwana Paji akazama polepole, akajinyoosha, akaenda kukaa mbele ya jiwe lake.

Daktari Tahera akasogea kutoka mlangoni. "Gaspar," akasema, "mwenye mamlaka ya kubadili amri kwenye mtambo ni nani?"

"Kwa sasa ni mimi peke yangu, daktari."

"Weka programu kwenye simu ya Bi Chausiku. Yeye kwanza, wewe wa pili." Akamgeukia Chausiku. "Kesho saa ngapi utakuja?"

Chausiku alikuwa anafuta kioo cha tangi. "Nitakuja nikiitwa," akasema, na hakugeuka.

Kesho yake, Buguruni, kabla jogoo wa jirani hajamaliza ubishi wake, Chausiku alichuchumaa uani mbele ya ndoo. Simu ilikuwa juu ya kigoda. Alizamisha mkono, vidole akaviachanisha, na baridi ya maji ikampanda mpaka kiwiko. Simu ikawaka mwanga gizani: *Vali imefunguka: tangi limezidi joto, maji ya paani ni baridi.*

Akauacha mkono humohumo ndani ya maji, anasikiliza kama ataitwa.