Mutumbwi wa Mashini

Mama Kadija, jirani yetu wa Kavimvira, anasema aliuona kwa macho yake: mutumbwi mweupe, mashini nyuma, unakuja kutoka Usumbura, ng'ambo ya ziwa, bila mutu ndani, na jina langu, Safi, limeandikwa ubavuni. Ulisogea, ukanitafuta, ukarudi ndani ya ukungu. Mama Kadija hajui kusoma, lakini jina alilitambua.

Mimi sikutaka mutumbwi wa ziwani. Mashini ya kushona ya marehemu mama ina kachuma kembamba, ncha mbili, kanakobeba uzi wa chini. Kanaenda na kurudi chini ya sindano. Mama alikaita mutumbwi. Ketu kalivunjika ncha. Dukani kwa Mugiriki walisema mashini za namna ile hazitengenezwi tena, na vyuma vya siku hizi ni vya duara, haviingii. Anastase, mchongaji, alinichongea kengine kwa pembe ya ng'ombe. Kalikuwa kazuri kama dagaa, lakini kalikata uzi.

Baba akasema, “Mvua ikianza, hii mashini tunaipeleka kwa mufua chuma, atutolee majembe. Mama yako haiko mule ndani, Safi.”

Ndipo nikamuomba Nasoro, anayeuza samaki bondeni: “Uniulizie watu mutumbwi wa mashini.”

“Weye sasa unataka kuwa mukubwa wa ziwa?” Akacheka, akapanda juu ya samaki zake, na kamyo ikaondoka kabla sijamueleza.

Neno likatembea. Watu wa Sange, kule bondeni, wakauliza nauli ya kuvuka ziwa.

Bwegera, mbele ya Sange, hakuna ziwa, iko mpunga tu. Lakini ni kule mutu mmoja alielewa. Bernardine, mujane wa fundi wa nguo, alimutuma Nasoro: “Umwambie niko nao. Maji haujayagusa hata siku moja.”

Nilipanda kamyo mpaka Bwegera, nikamukuta mbele ya nyumba yake. Upepo ulikuwa unalaza mpunga na kuuinua, kijani kinaenda na kurudi, nikaona kama shamba lote linashonwa. Alifungua kitambaa. Nikatoa mutumbwi wetu uliovunjika, nikaulaza kando ya wake. Walikuwa mapacha. Wake ulikuwa muzima, na uzi mweupe bado ndani.

“Mashini yenyewe kutu ilishaila,” alisema. “Huu uzi bwana yangu Térence aliuzungusha asubuhi ile aliyougua. Hakuumaliza.”

Akaniwekea mkononi. Ulilala katikati ya kiganja changu kama unapajua.

“Nauli ya Sange ni ngapi?” aliuliza, akitabasamu kidogo.

Sikuweza kucheka.

“Mama,” nikasema, “uzi wake sitautupa. Nitashona nao kwanza nguo yako, polepole, mpaka uishe wenyewe. Kisha uniachie mutumbwi. Mvua iko karibu. Unanikubalia?”

Bernardine alishika ncha ya uzi iliyoning'inia kati ya vidole vyangu. Hakuivuta, akaizungusha kwenye kidole changu. Alikuwa anaangalia mpunga, ukienda, ukirudi.