Treni ya Mdogo Wake

Wenzake walimwita Mama Makochi, maana tangu ujana wake kazi yake ilikuwa kuyavua makochi ya watu nguo zilizochakaa, kuyajaza sponji mpya na kuyavika kitambaa kingine. Karakana yake ilikuwa katika safu ya mafundi iliyoegemea ukuta wa kiwanda kilichokufa. Jirani zake walikuwa mchomeleaji wa mageti na fundi viatu, na mwisho wa safu alikaa Babu Randa, seremala mwenye ulimi mkali kuliko patasi zake. Mbele yao ilipita barabara kuu. Magari yalitambaa humo kutwa kama wagonjwa, na kwa pikipiki zilizopenya katikati yake, ukitaka kuvuka ilibidi uiage kwanza familia.

Mama Makochi hakuwa na gari. Wengi mjini hawakuwa nalo, lakini mji wenyewe ulijengwa kana kwamba kila mtu alizaliwa ameshika usukani. Binti yake, muuguzi, alitoka nyumbani jogoo hajawika ili aiwahi zamu upande wa pili wa jiji, akarudi hoi, akisinzia na kijiko mdomoni. Kwa hiyo mdogo wake alipomletea mchoro wa treni Jumapili moja, Mama Makochi hakuhitaji kubembelezwa.

Mdogo wake huyo ndiye aliyekuwa fahari yake. Mama yao alipofariki, yeye alikuwa bado mtoto, dada akamlea na kumsomesha kwa sindano na uzi, hadi akawa mhandisi katika ofisi ya usafiri ya jiji. Siku hiyo aliutandaza mchoro mezani, akaukandamiza kwa vikombe ili usijikunje. Reli ingepita hapo hapo kwenye karakana, alieleza, na kiwanda kilichokufa kingegeuzwa stesheni. Mafundi wangejengewa vyumba ndani yake, mteja akishuka tu anakutana na kazi zao. Kilichobaki ni wao kuhama kwa hiari. Wakienda mahakamani, mradi ungekwama na treni ingebaki ndoto.

"Mimi nikija na tai yangu hawatanisikiliza," alisema. "Wewe wanakuamini, dada. Zungumza nao."

Akazungumza nao. Mchomeleaji alikubali upesi, kwani moshi wa magari ulikuwa umemkinaisha kuliko moshi wa kazi yake. Fundi viatu alihofia kwamba watu wakipanda treni soli zitadumu mno, wakamcheka, naye akakubali. Babu Randa ndiye aliyekataa katakata. Alisema ameishi vya kutosha kujua kuwa mkubwa akikujia kwa upole, kuna kitu chako anakitaka. Mama Makochi akakaa naye juu ya rundo la mbao mchana kutwa. Akamsimulia habari za binti yake, za wagonjwa wanaofia kwenye foleni, za mji unaojikaba koo wenyewe. Mwishowe mzee akaweka randa chini.

"Haya, mwanangu. Ukisema wewe, nitahama."

Wakahamia bondeni, mahali ambapo mvua ikinyesha maji hukaa kama mwenyeji, na wateja walikuja kwa kupotea njia. Walivumilia. Kila aliyelalamika aliambiwa na mwenzake kwamba mgeni yu njiani, treni inakuja.

Siku moja Mama Makochi alikwenda kuangalia kazi ilipofikia. Karakana zilikuwa zimelazwa chini, na ardhi imesawazishwa kwa upana uliomshangaza. Akamsogelea mpima ardhi mmoja na kumwuliza reli zenyewe zitaletwa lini.

"Reli gani, mama?" yule mpima akauliza, bila dharau. "Hii ni barabara. Tunaipanua."

Mama Makochi alicheka, akamwambia labda yeye hajajulishwa. Mpima akajibu kwamba yupo kwenye mradi huu tangu kigingi cha kwanza, na habari za treni alizisikia redioni tu.

Kutoka pale alikwenda moja kwa moja ofisini kwa mdogo wake. Kijana alishuka, akamkumbatia, akasema anawahi kikao, hivyo wazungumze garini. Gari lilikuwa jipya, la ofisi, lina ubaridi wa jokofu. Waliingia barabara kuu na hawakufika mbali, foleni ikawameza.

Humo ndani alijitetea kwa ufasaha wa mtu aliyeyasema maneno hayo mahali pengi. Reli ni ghali, na inachukua miaka mingi, wakati wakubwa wanataka kitu cha kukata utepe kabla ya uchaguzi. Tena wenye magari ndio wenye sauti. Asiye nalo husimama kituoni kimya. Barabara ikipanuliwa kila mtu atapumua, hata abiria wa basi.

"Hii nayo waliipanua," dada yake akasema. "Si ndiyo tumekwama ndani yake?"

Mbele yao lori lilikohoa moshi mweusi na kutulia.

"Treni ilifutwa lini?" akauliza.

"Dada, mambo ya ofisini hayaendi hivyo..."

"Kabla hujaja kwangu na mchoro, au baada?"



"Kabla," kijana akasema. "Nilidhani nitawageuza mawazo baadaye. Eneo lilitakiwa haraka, dada. Bila wewe wasingetoka."

Kama angemwambia kwamba alipigana akashindwa, angemkamata mkono na kumliwaza, kama alivyomliwaza utotoni. Lakini hakupigana. Alikaa mezani kwake, akanywa chai yake, akamvika kilemba cha ukoka, kisha akamtuma akavue samaki huku chambo ni yeye mwenyewe. Mama Makochi alifungua mlango akashuka katikati ya magari. Mdogo wake alimwita, "Dada! Dada!" lakini foleni ilisogea kidogo, honi za nyuma zikamfokea, ikambidi aende nayo.

Alitembea hadi bondeni. Njiani shetani alimnong'oneza kwamba angeweza kusema wote wamepigwa changa la macho, yeye na wao, na asimtaje mdogo wake. Lakini alipofika aliwaeleza wenzake yote. Mchomeleaji alitukana hadi akaishiwa. Fundi viatu aliinamia kiatu chake. Babu Randa alisikiliza mpaka mwisho, akapangusa vumbi la mbao magotini.

"Mdogo wako hatukumwamini hata siku moja," alisema. "Tulikuamini wewe."

Hakulisema kwa hasira, na ndiyo maana lilimwingia. Tangu hapo hakumwita tena mwanangu. Alimsalimu vizuri, kama unavyomsalimu mteja.

Barabara ilifunguliwa kwa hotuba na tarumbeta. Kwa muda magari yalipaa. Kisha waliokuwa wakiyaficha magari nyumbani wakayatoa, wengine wakanunua, na foleni ikarudi imenenepa. Shangazi yao alikuja kuwasuluhisha ndugu hao, akasema damu ni nzito kuliko maji. Mama Makochi alimwambia analijua hilo, na kwamba hata huyo aliyemponza alilijua.

Baadaye ikasikika kwamba jiji linawaita wakazi wa ng'ambo ya mto, nao wahame kwa hiari kupisha treni. Mdogo wake akampigia simu, akamsihi asifike mkutanoni. Kwa kumsihi hivyo ndipo alipoijua saa ya mkutano.

Ukumbi ulijaa. Alipopewa nafasi alisimama, akamwonyesha mhandisi aliyekaa meza ya mbele.

"Huyu ni mdogo wangu, nimemlea mimi," alisema. "Treni naitaka, na mji huu unaihitaji kuliko barabara nyingine yoyote. Lakini msihame mpaka mzione reli zimelala chini kwa macho yenu. Na msimwamini mtu kwa sababu mnampenda dada yake."

Wakazi hawakukubali kitu siku hiyo. Mkutano ulivunjika kwa zogo. Mlangoni mdogo wake alimsubiri, uso umemshuka.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba," akaitikia, kwa kuwa adabu hiyo alimfundisha mwenyewe. Kijana aliposema atampeleka nyumbani kwa gari, dada alikataa kwa kichwa na kuendelea kutembea.

Basi lilichelewa sana. Alisimama kituoni katikati ya watu asiowajua, akilia bila sauti, na mama mmoja aliyebeba mzigo akasogea kumpisha kwenye benchi.