Gurubaba ya Haboba Bushira

Hasira ilinianzia barabarani. Pale Onduparaka, karibu na wauza jezi, wamebandika bango la maonyesho ya picha za kikoloni, na juu yake ni haboba wangu Bushira, mama yake mama, kifua wazi, kasimamishwa kama mbuzi wa mnadani. Nilimjua kwa chale tatu za shavuni na kidole chake kilichopinda. Chini wameandika: "Mwanamke wa kabila lisilojua nguo, Koboko." Haboba ambaye hata kisimani hakwenda bila gurubaba, ile nguo sisi wanawake wa Kinubi tunajitanda kuanzia kichwani. Lisilojua nguo, ati.

Kesho yake mama yangu Kulusum, miaka themanini na saba, angeletwa hapa Arua kukaa mbele kama mgeni wa heshima wa ufunguzi wa maonyesho hayo. Nikaenda ukumbini picha ishushwe kabla hajaiona.

Msimamizi, Moris, alinipokea kwa upole wa mtu aliyekwisha kukataa.

"Mama Zuhurah, hii picha iko ya zamani. Muzungu alipiga vile alikuta. Picha haidanganyi."

Nikaisogelea ile ya ukutani, pana kuliko ya bango. Miguuni pa haboba palikuwa na kitu: gurubaba yake, imekunjwa mara nne, pembe sawasawa, shanga zake juu.

"Na hii iko nini?"

Moris akajikuna shingo. "Hiyo tulikata kwa bango. Ilikuwa inaharibu picha."

Kumbe aliiona. Waliomvua haboba walikuwa wageni. Aliyemnyang'anya nguo mara ya pili ni mtoto wa hapa hapa. Nilimwambia hana haya, na sijutii. Picha hakuishusha.

Asubuhi mama akafika sijapata la kumwambia. Alisimama mbele ya picha. Nilipotaka kumgeuza, aliusukuma mkono wangu. Hakutazama kifua, alitazama ile nguo.

"Alikunja vizuri," akasema. "Alijua atavaa tena. Zuhurah, mshushe."

Nikamshusha. Mama akavua gurubaba yake mwenyewe, akabaki na kitambaa cha kichwa, akaifunga picha yote, taratibu, kama anamfunga mtoto.

Moris akaja mbio. "Mama, hiyo iko mali ya maonyesho."

Mama hakumtazama. "Huyu iko mama yangu," akasema, "na hajamaliza kuvaa."